Akisahau Kupumua

Mtoto wa Kalondu alizaliwa wiki kumi kabla ya wakati wake, akawekwa katika mashine ya tatu kutoka dirishani, na kwa siku tisa mama yake hakumtazama usoni. Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakukuwa na mama mwenye bidii kumshinda Kalondu katika wodi ile. Kengele ilipolia kila baada ya saa tatu, yeye alikuwa wa kwanza kufika nasari ya watoto njiti, amenawa mikono hadi viwikoni, amevaa gauni la kijani la hospitali lililotoboka kwapani, na kikombe cha maziwa aliyojikamua amekifunika kwa kisahani. Alimkabidhi Sista Wamuyu kikombe, akashika mrija mwembamba uliopita puani mwa mtoto, na macho akayaweka kwenye mrija. Maziwa yalipokwisha kuteremka alisema asante, akaondoka. Sista Wamuyu, muuguzi mkuu wa nasari, aliwahi kumtaja mbele ya wenzake kama mfano mzuri.

Mashine lilikuwa jina ambalo akina mama waliliita lile sanduku la kioo lenye joto ndani yake. Zilikuwa saba, zimepangwa mstari mmoja, na juu ya kila moja pamebandikwa kadi. Ya Kalondu iliandikwa: Mtoto wa Kalondu, mvulana, kilo moja na robo. Jina halikuwapo, na halikuwapo kwa makusudi.

Mapatano yalifanywa siku ya pili, kwenye ngazi za wodi, kati ya Kalondu na mama mkwe wake Kaveke, aliyeishi nao Kawangware, katika chumba cha nyuma ya karakana ambamo Mulwa, mume wa Kalondu, alitengenezea vitanda. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amepewa jina siku ya tatu kama ipasavyo, na aliyelitoa alikuwa Kaveke mwenyewe. Alimwita Mutunga, jina la marehemu mume wake. Mutunga mdogo aliishi wiki saba, akazikwa Machakos, na jina likaenda naye. Kaveke hakuwa tayari kumzika mume wake mara ya tatu. Safari hii, alisema, jina lisubiri. Nguo nazo zisubiri.

"Na wewe pia usimzoee," alimwambia Kalondu. "Ukishamzoea ndipo wanapoondoka. Mimi nimeona."

Kalondu aliliona shauri hilo kuwa la busara. Kwa wiki saba alikuwa ameitwa Mama Mutunga katika ploti walimopanga, na baada ya mazishi majirani wakaanza tena kumwita Kalondu, kimyakimya, kama watu wanaochukua tena sufuria waliyoazimisha. Hakuna aliyemwomba radhi, na yeye hakuuliza. Aliamua tu kwamba mara nyingine hataazimwa kitu.

Kwenye kitanda cha kando yake alilala Akeyo, msusi kutoka kijiji cha Raila, Kibera, ambaye mashine yake ilikuwa ya tano. Mtoto wa Akeyo hakufika hata kilo moja, lakini alikuwa na jina tangu akiwa tumboni. Aliitwa Audrey. Akeyo alimgombeza Audrey kwa kutapika, akampa habari za wateja wake wa mtaa wa Olympic wanaotaka kusukwa rasta kwa bei ya mistari, akamuuliza maoni yake. Kalondu alisikia yote hayo huku akitazama mrija, na moyoni alimhurumia Akeyo kwa jinsi alivyojiweka wazi.

&nbsp;

Mvua ya mwaka ule wa tisini na saba haikuwa na adabu. Ilinyesha kwa wiki nzima bila kupumua, na asubuhi moja dari ya nasari ikaanza kuvuja juu ya mashine ya kwanza. Wafagiaji walizisukuma zote kuelekea ukuta wa pili, wakazipanga upya walivyoweza, wakaweka ndoo chini ya tundu. Kadi mbili tatu zilikuwa zimelowa hadi wino ukawa maji ya chai.

Kengele ilipolia Kalondu alinawa, akaingia, akahesabu kutoka dirishani, akasimama kwenye ya tatu. Sista Wamuyu alikuwa na mtoto mwingine mikononi. Alimwambia bila kugeuka kwamba leo ambadilishe nepi mwenyewe.

Kalondu hakuwa amewahi kuingiza mkono ndani ya mashine. Aliuingiza. Joto la ndani lilimshangaza, lilikuwa kama la ndani ya kitanda asubuhi. Alipogusa kiganja cha mtoto, kile kiganja kikajifunga juu ya kidole chake na kukishika. Kilishika sawasawa. Kalondu alisimama pale muda mrefu kuliko nepi ilivyohitaji, na kwa mara ya kwanza akatazama uso, akaona ni uso wa mtu, mdogo tu, na akasikia kitu kikilegea kifuani ambacho hakuwa amekipa ruhusa. Kisha akafungua nepi.

"Sista," alisema, "kadi yangu iliandikwa vibaya. Huyu ni msichana."

Sauti iliyomjibu ilitoka nyuma yake, nayo ilikuwa ya Akeyo. "Huyo ni Audrey."

Mama mmoja karibu na mlango alicheka, akajifanya anakohoa. Wengine hawakujisumbua kukohoa. Sista Wamuyu alimlaza mtoto aliyekuwa naye, akaja, akamtazama Kalondu kwa makini kama anayesoma kipimajoto.

"Wako ni yupi?" aliuliza.

Kalondu alitazama mashine saba. Kila moja ilikuwa na kitu chekundu chembamba kilichovaa kofia. Alitafuta kadi, lakini zile zilizokuwa karibu zilikuwa maji ya chai. Siku tisa, mara nane kila siku, na hakuweza kunyoosha kidole. Aliona aibu hadi masikio yakawaka, aibu ambayo hata jirani akikukuta ukijisaidia njiani huwezi kuisikia.

"Wako si huyo wa masikio ya manyoya?" Akeyo alisema, akionyesha mashine ya mwisho ukutani. "Yule anakunjanga ngumi kama mtu amekataa kulipa nauli. Mimi humsalimia kila siku nikipita."

Kalondu alikwenda kwenye mashine ya mwisho. Mtoto alikuwa na manyoya laini masikioni, na masikio yenyewe yalikuwa ya Mulwa, yamejitenga na kichwa kama yanataka kusikia ya chumba cha pili. Ngumi zilikuwa zimekunjwa. Kalondu alimnywesha maziwa, akashika mrija. Mrija haukumsaidia tena.

&nbsp;

Siku tatu baadaye wauguzi wa serikali waligoma. Redio ilikuwa imelisema jambo hilo kwa wiki mbili, katikati ya habari za kampeni na za madaraja yaliyosombwa, lakini akina mama hawakudhani kwamba mgomo unaweza kuingia hata nasari. Sista Wamuyu aliwakusanya alasiri, koti lake la kwendea nyumbani likiwa tayari mkononi.

Aliwaeleza kwamba kuanzia kesho hawataingia kazini, na kwamba mashine zitazimwa, kwa sababu mashine isiyo na mtu wa kuiangalia humchoma mtoto. Daktari atapita mara moja kwa siku akipata nafasi. Wenye uwezo wa hospitali za kibinafsi wamekwisha kuitwa ofisini. Aliokuwa akisema nao hawakuitwa ofisini, hilo kila mmoja alilijua.

"Kuna kitu nilionyeshwa kwenye semina," alisema. "Daktari alikicheka. Mimi nitawaonyesha, halafu mtajua wenyewe."

Alimwita Akeyo mbele, akamfungua vifungo, akamtoa Audrey kwenye mashine akiwa na kofia na nepi tu, akamsimamisha katikati ya matiti yake, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limelala upande. Kisha akazungusha leso ya kanga mara mbili, akakaza fundo chini ya kwapa. Audrey alitoweka. Akeyo alibaki kama mwanamke aliyeficha mkate.

"Usiku na mchana," Sista alisema. "Ukila, yuko hapo. Ukilala, unaegemea mto, yuko hapo. Joto lako ndilo mashine. Na hawa watoto husahau kupumua. Ukiona amenyamaza sana, msugue wayo, umwite. Akisikia anaitwa, anakumbuka."

"Nimwite nani?" Kalondu aliuliza.

"Jina lake."

"Hana."

Sista Wamuyu alivaa koti, mkono mmoja, halafu wa pili. "Basi mwite chochote," alisema. Aliwapa mikono wote saba, mmoja mmoja, kama kwenye mazishi, akatoka kwenda kudai mshahara wake.

&nbsp;

Kalondu hakumfunga mtoto. Aliwaambia wenzake kwamba ana homa, asije akamwambukiza. Alimviringisha katika blanketi tatu, akamlaza kwenye katoni iliyokuwa na chupa za maji ya dripu, akampangia chupa za maji moto ubavuni. Alitengeneza vizuri sana. Alikuwa na mikono hodari kwa kila jambo lisilohitaji kifua.

Jikoni nako waligoma kesho yake saa nne, kwa kuwaunga mkono wauguzi, na maji moto yakaisha. Kufikia saa saba mchana chupa zilikuwa baridi. Akeyo alipita na Audrey wake kifuani, akainama juu ya katoni kumsalimia mtoto kama kawaida yake, akamgusa. Mtoto alikuwa baridi. Alimtoa katika blanketi, akalegeza leso, akamtia upande wa pili, akafunga tena. Alikwenda kukaa kitandani akiwa na watoto wawili kifuani na uso wa mtu anayesubiri foleni.

Kalondu alikaa kwenye kitanda chake akitazama. Kwa saa moja kisigino cha mtoto kilichochungulia chini ya leso kilikuwa rangi ya majivu. Kisha kikawa cha udongo. Kisha kikawa chekundu, kikapiga teke. Kalondu alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini wivu ndio uliomkaba. Mtoto wake alikuwa amepiga teke tumbo la mwanamke wa Kibera.

"Mama," Akeyo alisema jioni ilipoanza kuingia, "mgongo yangu inauma. Wawili siwezi."

"Nisaidie tu mpaka kesho."

"Sitafika kesho. Nikichoka nitaweka mmoja chini." Akeyo aliongea taratibu, bila hasira, kama anayemweleza mteja urefu wa nywele. "Na mmoja ni wangu. Unajua nitaweka gani."

Kalondu alijua. Alikaa na jambo hilo muda ambao mtu hutumia kuvaa viatu. Kisha akafungua kifungo cha kwanza, na cha pili, na Akeyo akaja kumkazia leso.

&nbsp;

Hakuna aliyemwambia kwamba angesikia moyo. Ulikuwa unapiga upesi upesi juu ya wake, kama cherehani, na wake ulikuwa ukijaribu kuufuata. Mtoto alinusa, akageuza kichwa, akatafuta kwa mdomo mahali ambapo hakuwa amewahi kupelekwa, akapapasa. Hakuwa na nguvu za kunyonya. Alilamba tu, akalala. Kalondu hakujisogeza mpaka mguu wake ukafa ganzi.

Alfajiri mtoto alisahau kupumua. Kalondu alijua kabla ya kutazama, kwa sababu kifua chake mwenyewe kilibaki peke yake. Alisugua wayo. "Wewe," alisema. "Wewe, sikia." Mtoto alishtuka, akavuta hewa kama mtu aliyekumbuka mkutano. Siku hiyo alisahau mara sita. Siku iliyofuata mara nne. Mpaka siku ya tano alikuwa ameitwa wewe mara nyingi hivi kwamba Akeyo aliuliza kama hilo ndilo jina la Kikamba.

Kalondu alijifunza kula akiwa amesimama wima, kukamua maziwa kwa mkono mmoja, na kulala nusu ameketi. Alijua sasa kwamba mtoto huyu alikuwa na alama kama mbegu ya nyanya nyuma ya goti, kwamba hakupenda kofia, kwamba akishiba hutoa sauti kama mlango wa kabati. Hofu yake haikupungua, iliongezeka. Zamani aliogopa kufiwa. Sasa alimwogopea mtoto huyu, na hilo lilikuwa kubwa zaidi. Watoto saba walikuwa wamebaki watano, na mama zao wawili walikuwa wameondoka na leso zao zimekunjwa. Kila leso ilipotoka mlangoni, Kalondu alimkaza wake hadi akalalamika.

Kuoga hakujifunza. Maji yalikuwa ya ndoo, bafu lilikuwa na baridi, na kumvua mtoto kifuani hakukuwezekana bila mtu mwingine wa kumvaa. Kila mama alikuwa na wake. Siku ya sita Kalondu alikuwa ananuka maziwa yaliyoganda, na alijua.

&nbsp;

Siku hiyo ndiyo wauguzi waliokuwa wakiandamana langoni walipowaruhusu wageni. Kaveke aliingia wodini amevaa nguo yake nyeusi ya kanisani, na mkononi alikuwa na kitambaa cha marikani nyeupe, kipya, kimekunjwa mara nne. Alisimama mbele ya kitanda, akaona katoni tupu chini yake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Tulisikia mashine zimezimwa, tumekuja kumchukua. Mulwa yuko nje na sanduku, amelitengeneza vizuri."

Kalondu alishusha leso kidogo. Kofia ilionekana, na sikio moja lenye manyoya. Kaveke alilitazama lile sikio. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda polepole, kitambaa juu ya magoti.

"Anaishi?"

"Anaishi."

"Umemzoea."

"Nimemzoea, mwaitu. Nimemzoea, mama."

Kaveke alikikunja kitambaa mara ya tano. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amefunga safari ya kuja kumwosha maiti, na sasa hakujua mikono aipeleke wapi. Kalondu alimwonyesha.

"Fungua nguo," alisema. "Sijaoga siku sita."

Kaveke alisema yeye ni mzee, kifua chake hakina kitu. Akeyo, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema hata kifua cha mzee kina joto, na kwamba cucu mmoja, bibi wa kitanda cha mlangoni, alikuwa amemshika mjukuu tangu asubuhi. Alikwisha kuvifikia vifungo vya nguo nyeusi kabla Kaveke hajamaliza kukataa. Mtoto alihamishwa, leso ikazungushwa, fundo likakazwa. Akeyo alimweleza bibi habari ya kusahau kupumua, wayo, na kuita. Kaveke alisikiliza akitazama ukuta. Mikono yake aliiweka mbali na mtoto, hewani, kama aliyeshikishwa kitu cha watu.

Bafu lilikuwa nyuma ya wodi, na ukuta wake haukufika darini. Kalondu alivua, akajimwagia kopo la kwanza, akajipaka sabuni kichwani. Alisikia mama fulani akipiga chafya. Alisikia gari la kampeni likipita barabarani na kipaza sauti chake. Akamsikia Akeyo akimgombeza Audrey kwa kutapika tena. Kisha akasikia kitanda chake kikilia, na sauti ya Kaveke.

"Mtoto."

Kalondu aliacha kujisugua.

"Mtoto. Kijana." Kitanda kililia tena. "Kijana, amka."

Sabuni ilikuwa imemwingia machoni. Alipapasa kopo, likaanguka, likabingirika hadi kwenye tundu la maji. Alitaka kupiga kelele kwamba amsugue wayo, amwite, lakini alipofungua mdomo povu likamwingia.

"Huyu haitiki," Kaveke alisema kwa mtu fulani. Kisha akasema kwa sauti aliyoitumia zamani Machakos, kumwita mwanamume aliyekuwa upande wa pili wa shamba, na wodi nzima ikanyamaza. "Mutunga. Mutunga, rudi hapa."

Halafu ukaja mlio mdogo, wa mlango wa kabati, na baada yake kilio chembamba chenye hasira nyingi kuliko mwili.

Kalondu alisimama uchi na povu kichwani, ameegemea ukuta, akilia, mpaka maji yaliyokuwa kwenye ndoo yakaacha kutikisika. Alijimwagia yaliyobaki yote kwa mara moja. Alivaa bila kujifuta.

Alipofika, Kaveke alikuwa ameegemea mto, mikono yote miwili juu ya leso. Marikani ilikuwa mapajani mwa Akeyo, naye alikuwa ameshaitia meno pembeni na kuipasua. Alikuwa amefikia nepi ya nne.

"Amekusumbua?" Kalondu aliuliza.

"Alisahau kidogo." Kaveke alimrekebisha mtoto kofia, ambayo haikuwa imepinda. Kalondu alinyoosha mikono kumpokea, lakini bibi hakufungua fundo. Alisema asubiri, ndiyo kwanza amepata usingizi. Alisema pia kwamba sanduku lile lilikuwa na mbao nzuri, Mulwa akilibomoa zinatosha kitanda kidogo chenye kingo, na mtu aende kumwambia kabla hajaingia nalo ndani na kutia watu aibu.

"Nenda wewe," alisema, "Mama Mutunga."

Kalondu alisimama pale kidogo maji yakimtiririka mgongoni, kwa kuwa ulikuwa umepita mwaka na zaidi bila mtu kumwita hivyo. Kisha akaitika, akaenda.